Mtungi wa Mtakatifu

Sehemu ya Saba

Bakuli bado liko mdomoni mwa Guram, wasomaji wangu. Tangu Jumapili iliyopita halijashuka. Wiki nzima mmekaa mkilitazama koo lake likipanda na kushuka, na Malkhaz naye amekaa vivyo hivyo, mkono juu ya kitambaa cha meza, akiomba ardhi ipasuke immeze.

Aliyeingia leo asione kapotea. Malkhaz ni mkulima wa zabibu hapa kwetu Kakheti. Binti yake Natela amechumbiwa na kijana wa Guram, na Guram amekuja kuonja mvinyo wa nyumba kabla ya kutamka siku ya harusi, maana kwetu huungi undugu na watu ambao hujaonja mtungi wao. Balaa ni kwamba mvinyo wa Malkhaz umegeuka siki. Uliomo ndani ya bakuli si wake. Jana, mama yake alipokwenda kanisani, aliuchota kwenye mtungi wa Mtakatifu Giorgi, ule wa pembeni, usioguswa na kiumbe mpaka sikukuu. Na sikukuu ni kesho.

Msomaji mmoja kaniandikia akitaka nimhurumie. Huruma ninayo. Lakini si mimi niliyemtuma kuchota.

Haya. Guram akashusha bakuli.

Masharubu yake meupe yalikuwa yamegeuka zambarau. Alichungulia ndani ya bakuli, akanywa tena, safari hii kidogo, akauzungusha mvinyo mdomoni taratibu huku amefumba macho.

"Malkhaz," akasema.

"Naam, mkwe."

"Wewe ni mwizi."

Mezani hapakuwa na aliyetafuna. Mama Tsiala, mama yake Malkhaz, alikuwa anaingia na sinia la mkate wa moto, akasimama mlangoni. Natela aliinamia sahani yake ya jibini. Malkhaz akafungua mdomo bila kujua kitatoka nini.

"Umeniibia usingizi," Guram akamalizia, na kicheko kikamtoka tumboni. "Nimelima zabibu tangu sijaota ndevu, nikajidanganya kwamba nami natengeneza mvinyo. Kumbe natengeneza maji ya kuoshea miguu. Nimiminie tena hapa, mwizi we."

Malkhaz akacheka pia. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyeponea chupuchupu, na alipomimina, mvinyo mwingine ulidondokea kitambaa.

"Unuse huu," Guram aliwaambia wote, kana kwamba wamekuja kusomeshwa. "Kwanza forosadi nyeusi, iliyoiva mpaka inataka kuanguka. Halafu cheri kavu. Halafu moshi, kidogo tu, ule wa matawi ya mizabibu tunayochomea nyama. Sasa utie mdomoni. Unakukaza fizi kama ganda la jozi bichi, unasema, ah, huu mkali, umenishinda. Ngoja. Usiuteme. Unalegea wenyewe, na utamu unakuja nyuma, ukiwa umeshameza, ukiwa umeshaukatia tamaa. Huo ndio mvinyo mwekundu. Mwingine wote ni rangi tu."

Kila sifa ilimwingia Malkhaz kama kofi. Angesifiwa nusu yake kwa mvinyo wake mwenyewe, angelia kwa furaha mbele za watu. Sasa alikaa akitikisa kichwa kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule wa uongo ulimchefua kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Baba yako angekuwepo leo," Mama Tsiala akasema. Alijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Angekuwepo akusikie unavyosemwa."

"Mama, kaa ule."

"Nitakaa. Niache kwanza niwe mama."

Guram akasogeza kiti karibu. Alikuwa mtu mkubwa, na aliposogea meza ilisogea naye. "Sasa niambie kazi yake. Mwaka jana ulikuwa mwaka wa maisha, nakubali. Jua mpaka mwisho, usiku baridi, hata tone la mvua siku za kuchuma. Lakini jua lile lile limeniwakia na mimi. Makapi uliyafanyaje?"

Hapo ndipo penyewe. Zabibu zikishapondwa na kutiwa mtungini, maganda hupanda juu, yakajikusanya kama kofia nene, na chini yake juisi inachemka. Kofia hiyo ukiiacha ikakauka, umekwisha. Lazima uizamishe kwa mti, usiku na mchana, mpaka ichoke ishuke yenyewe. Ni kazi ya mikono na mgongo, haina ujanja wowote.

"Niliyazamisha," Malkhaz akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Hata usiku niliamka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi shahidi," Mama Tsiala akadakia. "Nilikuwa nikichungulia dirishani naiona taa ya marani inawaka hadi alfajiri. Nikasema, huyu mtoto atakufa na mti mkononi. Nikamwombea."

Marani ndiyo nyumba ya mitungi. Na taa, ni kweli, iliwaka. Malkhaz aliiwasha makusudi, akaufunga mlango, akaenda Telavi kwenye karamu ya rafiki aliyembatizia mtoto, akakaa huko wanakunywa wanaimba mpaka akasahau ana mtungi. Aliporudi kofia ilikuwa imekauka na kupasuka, vijidudu vimeijaa, na harufu kali inampanda puani. Akafanya alichofanya, na tutafika huko. Kwa sasa jueni tu kwamba mama aliiombea taa.

Natela akainuka kukusanya sahani. Alipopita nyuma ya baba yake hakumgusa bega kama alivyozoea.

"Sawa," Guram akapiga goti lake. "Nimeridhika. Harusi tutaifanya vuli hii, baada ya kuchuma, na watu watakunywa huu huu, mtungi mzima. Sasa twende nikauone. Mara ya kwanza mkwe anamiminiwa, mara ya pili anachota mwenyewe."

"Aa, mkwe, chakula hujamaliza. Mishikaki hii..."

"Mishikaki haina miguu, itanisubiri."

"Marani kuna vumbi."

"Vumbi la marani ni poda ya wanaume. Twende."

Ameshafika mlangoni. Malkhaz akamfuata kama mbuzi anayevutwa, na nyuma yao Mama Tsiala, ambaye kwa furaha hakuweza kubaki jikoni.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo. Kwetu mitungi imezikwa, inayoonekana ni midomo tu sakafuni, kila mmoja na kifuniko chake cha jiwe. Ule mkubwa ulikuwa katikati. Guram akaichukua kata ya kibuyu yenye mpini mrefu iliyotundikwa ukutani, akainama, akashika jiwe.

Inchi moja tu, wasomaji, na siki ingesema yenyewe.

"Baba Guram, tafadhali usifungue."

Alikuwa Natela. Amesimama kizingitini na mikono imelowa maji ya vyombo.

"Kwa nini, binti yangu?"

"Baba kaufungua asubuhi kukuchotea. Ukiufungua mara mbili siku moja, na leo upepo umegeuka, unavurugika. Bibi alinifundisha hivyo. Uache utulie, harusini utauchota mpaka uchoke."

Guram akamtazama, akanyoosha mgongo taratibu, akamgeukia Malkhaz. "Unasikia? Mkazamwana wangu anaujua mvinyo kuliko mwanangu. Mwanangu angenipa kata mbili nichote kwa mikono yote." Akaiacha kata, akaenda kuangalia mapipa ya zamani pembeni huku akivuma wimbo.

Malkhaz akamsogelea binti yake. "Mwanangu..."

"Shati lako la jana lenye doa nimelifua mimi, Baba," Natela akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Mvinyo wetu hauna rangi ile tena. Nikaja hapa nikanusa mtungi, nikajua. Mama akipiga simu kutoka Italia jioni, akiniuliza mambo yamekwendaje, utanipa la kumwambia. Maana mimi uongo wangu wote nimeumaliza hapa."

Mama yake Natela yuko Bari, anatunza wazee wa watu ili hawa huku walime. Malkhaz aliona haya ya kukamatwa, ndiyo, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Iliyomkata maini ni kwamba mtoto wake, ambaye hata uongo mdogo haukuwahi kumtoka mdomoni, amesimama mbele ya baba mkwe wake na kudanganya bila kupepesa, na amedanganya vizuri.

"Mkwe," Guram akaita. Alikuwa na jagi la mezani mkononi, hakuliacha nyuma, na akajaza mabakuli mawili. "Siwezi kutoka nyumba ya mitungi bila kuwasemea walioichimba. Huu ni wa baba yako, marehemu Vakhtang. Sikumjua sana. Lakini mtu anajulikana kwa alichomwachia mwanawe mikononi, na leo nimekinywa. Mungu amweke pema. Alaverdi kwako, Malkhaz."

Alaverdi ikishatamkwa, zamu ni yako. Aliyeshika meza amekukabidhi maneno, na huwezi kusema sina. Lazima uyaendeleze, unywe mpaka chini. Hata adui akikupa alaverdi, unaipokea.

Malkhaz alishika bakuli. Mvinyo mweusi wa mtakatifu ulimtazama kutoka chini.

"Baba yangu," akaanza. "Baba yangu alikuwa hasemi sana. Akiharibu kitu alikuwa anakuja mezani anasema, nimeharibu, na mambo yamekwisha. Mimi sikurithi hilo." Akamgeukia Guram. "Mkwe, kuna jambo..."

Aliazimia kusema, wallahi aliazimia, naapa kwa niaba yake. Lakini mama yake akamshika mkono.

"Usilie, mwanangu. Wewe umerithi yote." Akamgeukia Guram, macho yanang'aa. "Niache mimi nimalizie, maana kuna kitu hata yeye hakijui. Leo nina haki ya kukisema. Unauona mtungi ule wa pembeni, mkwe?"

"Ule mdogo? Si ndio wa Mtakatifu Giorgi?"

"Ndio. Kila nyumba ya zamani ilikuwa nao, siku hizi tumebaki wachache. Watu hudhani niliukuta. Sikuukuta. Huyu alikuwa bado ananyonya, homa ikampanda, daktari akatoka chumbani akamwambia mume wangu aandae sanduku. Nikavua viatu nikaenda kanisani miguu mitupu juu ya theluji. Nikamwambia mtakatifu, mistari mitatu ya juu ya shamba, ile bora, ni yako. Nitaichuma kwa mikono yangu, nitaizamisha kwa mikono yangu, na nyumba hii haitaonja hata tone kabla ya padri kukubarikia na kijiji kunywa. Wewe niachie mtoto tu. Nikarudi, mtoto kalala, kaloa jasho, homa imeshuka."

Akapiga kifua cha mwanawe kwa kiganja, polepole.

"Basi ule mtungi ni huyu. Tangu siku hiyo sijavunja. Na mtakatifu naye ndio leo amelipa, mvinyo wa mwanangu umekuwa hivi. Ndiyo maana nalia, mkwe. Si uzee."

Malkhaz alisimama akiwa ameshika bakuli. Alidhani ameiba mvinyo. Kumbe aliuiba uhai wake mwenyewe, akaumimina kwenye jagi, akaupeleka mezani ili asifiwe.

"Njoo uone muhuri wangu," Mama Tsiala akasema. Alikuwa ameshafika pembeni, anashika ukuta apige magoti. "Kila vuli nikishaufunga kwa udongo nabandika kiganja. Ili mtakatifu ajue ni Tsiala, bado nipo, ahadi bado ipo."

Kiganja.

Hapo ndipo Malkhaz alipokumbuka. Jana, baada ya kuchota, alirudisha jiwe, akakanda udongo, akaupaka ukingoni kwa haraka, masikio yote yako kwenye kengele ya kanisa. Na alipomaliza mkono wake ulikwenda wenyewe. Ndivyo inavyofanywa. Tangu utotoni ameona udongo ule na kiganja juu yake, na udongo usio na kiganja aliuona kama haujafungwa. Akabandika chake, akafukia mchanga, akaondoka, na hakukumbuka tena mpaka sekunde hii.

"Mama, acha. Magoti yako."

"Magoti yangu yanapajua hapa kuliko wewe."

"Tutauona kesho na padri."

"Kesho watu wengi, mkwe ataona migongo tu. Sogea, unaniziba mwanga."

Akaupangusa mchanga kwa mkono. Ukatoka udongo. Ulikuwa bado mbichi, mweusi kwa unyevu, na katikati yake kiganja kipana, cha mwanamume, na kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje.

Kidole hicho kilivunjwa na gurudumu la mashine ya kuponda zabibu, Malkhaz akiwa kijana. Aliyekifunga kwa kitambaa na vijiti ni mama huyu huyu.

Mama Tsiala akaweka mkono wake mdogo ndani ya alama ile. Ukapotea humo, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Akauacha hapo. Hakugeuka kumtazama mwanawe, na Malkhaz angetoa chochote ageuke, amtukane.

"Mama," Guram akasema. Alikuwa ameinama nyuma yake, na kicheko chote kimemtoka. "Udongo huu ni wa jana. Na kiganja hiki si chako. Nani ameufungua?"



"Mimi," akasema Mama Tsiala.

"Wewe?"

"Mimi. Nilisikia unakuja, nikaona haya kukupa mvinyo mchanga. Nikachota. Uzee una tamaa zake."

"Na mkono huu mkubwa?"

"Mikono ya wazee huvimba, baba. Hata wewe utaona."

Mwanamke ambaye kwa homa ya mwanawe alitembea miguu mitupu juu ya theluji, sasa amepiga magoti mbele ya mtungi ule ule, anamdanganya mgeni juu ya mtakatifu. Alisema kwa utulivu, kama anayetaja bei ya mayai.

Guram akaweka bakuli sakafuni kwa mikono miwili, akajifanyia ishara ya msalaba. "Basi ule niliousifu..." Akajifuta masharubu kwa nguvu, akajifuta tena. "Umeninywesha cha mtakatifu kabla ya padri, Mama. Nimekifanyia na mzaha juu yake." Akachukua kofia yake. "Natela ni binti mwema, sina neno naye. Lakini mwanangu haingii nyumba inayoibia madhabahu. Nisamehe."

Akaanza kutoka.

Na hapa, wasomaji, sitamsitiri mtu wetu. Kwa muda wa pumzi moja Malkhaz alipata nafuu. Mama kabeba, mama ni mzee, wazee husamehewa. Kesho kutwa angekwenda kwa Guram na chupa, wangelainishana. Nafuu hiyo ilimpitia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi, akaijua ni nini, na akajichukia kuliko alivyojichukia kwa kuiba.

Akainua macho. Natela alikuwa anamtazama sasa. Alikuwa anasubiri tu.

"Guram," Malkhaz akasema. "Ngoja."

Akaenda katikati, akashika jiwe la mtungi mkubwa, akalisukuma lote kwa mguu.

Walisema wahenga, la kuvunda halina ubani. Harufu ya siki ilipanda ikajaa marani, kali, inayochoma macho, na hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Guram alirudi kutoka mlangoni hatua kwa hatua. Akatwaa kata, akaizamisha, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema ukutani.

"Huu ndio mvinyo wangu," Malkhaz akasema. "Ule wa mezani nimeuiba mimi jana. Kiganja ni changu. Mama hajui kitu."

Guram hakuonekana kumsikia. Alikuwa anachungulia gizani ndani ya mtungi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Zabibu za mwaka ule? Zile?"

"Zile."

"Mwaka kama ule sitauona tena mpaka nife. Ulifanyaje, Malkhaz?"

"Nilikwenda Telavi kunywa. Niliporudi makapi yamekauka, yameanza kuchacha juu."

"Juu tu?"

"Juu tu."

"Si ungeyakwangua ya juu ukayatupa? Chini kulikuwa kuzima."

"Ningeyatupa wapi? Njia ya shamba inapita mbele ya kila mtu. Watu wangeona nimetupa makapi, wangejua sikuyazamisha. Mama angejua." Akautazama mdomo wa mtungi. "Nikayazamisha. Nikayachanganya yote na chini, nikafunga."

"Wangeona nini?" Guram akauliza, taratibu sana. "Ndoo ya makapi?"

Guram akaitundika kata ukutani.

"Baba yangu ametupa. Baba yako ametupa. Mimi nimetupa mara ngapi, nikachekwa kijiji kizima, na baada ya wiki wakapata mwingine wa kumcheka. Umeua mwaka mzima kwa sababu ya ndoo?"

Mama Tsiala bado alikuwa ameinama pembeni, mkono ndani ya alama. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia. Malkhaz alipiga magoti karibu naye. "Mama."

Guram aliinama, akaokota lile bakuli lake sakafuni. Kilichobaki cha mtakatifu alikimimina juu ya udongo wa mtungi mdogo, kwa heshima, mpaka tone la mwisho. Halafu akalichovya bakuli kwenye mtungi mkubwa, likajaa pomoni, akamletea Malkhaz.

"Nilikupa alaverdi ya baba yako. Hujaimaliza."

"Mkwe..."

"Mkwe bado sijajua kama ni mimi. Alaverdi haiachwi njiani. Inuka, umseme marehemu, unywe. Wako, safari hii."

Malkhaz akainuka. Siki ilimpanda machoni kabla haijafika mdomoni.

"Baba," akasema, mbele ya mama yake na binti yake na mtu asiyejua kama ni mkwe wake. "Nimeharibu."

Akanywa. Ilimchoma ulimi, ikamchoma koo, ikamshukia tumboni kama makaa. Alitaka kusimama katikati apumue, akaona akisimama hataanza tena. Akanywa mpaka akaona udongo wa chini ya bakuli, na alipolishusha machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujua ni ya siki au ya nini.

Guram akafungua mdomo kusema uamuzi wake.

Hakuwahi. Nje palisikika miguu mingi juu ya changarawe, vicheko, majagi matupu yakigongana, na mlango wa marani ukaingiza mwanga. Ni padri, na nyuma yake nusu ya kijiji. Kila mwaka mkesha wa sikukuu hupita kuubariki muhuri kwa maombi, na kila mwaka watu huja na majagi yao mapema kushika foleni ya kesho.

Padri akavuta pumzi, akakunja pua. "Kuna nini kinachonuka hivi? Mama Tsiala, mtungi wetu haujambo?"

Mama Tsiala akashika ukuta, akasimama. Aliutazama udongo uliofunuliwa, ulio wazi kwa wote, wala hakuufukia. Akajifuta mkono kwa aproni, kidole baada ya kidole, akasogea pembeni.

"Mwulize mwenye kiganja," akasema.